Gemu la lori ni shingo kwanza, macho baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa ukurasa wa teknolojia aliyesifu kifaa cha kufuatilia macho kwa wacheza gemu wa kompyuta, kile kinachogeuza picha ya gemu kufuata unakotazama. Gazeti lile limepita mikono mingi hapa Msamvu. Tangu litoke, vijana hawaishi kuniuliza nitakileta lini, na mzazi mmoja alikuja na fedha kabisa akitaka nimwagizie mwanawe. Nilimwomba arudi nazo nyumbani kwanza, na barua hii ni maelezo ya kwa nini.

Mimi nilikuwa dereva wa semi, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Mgongo ulipogoma nikafungua banda la gemu. Viti viwili vina usukani na pedali, na gemu linalolipa pango ni Euro Truck Simulator 2, la kuendesha malori, kazi ya SCS Software ya Prague, lililotoka mwaka 2012 na bado linachezwa kama limetoka jana. Wapenda mpira wana PlayStation zao na kelele zao upande wa pili wa ukuta. Upande wangu ni wa watu wanaotaka kurudisha trela kinyumenyume bila kugonga nguzo.

Mwandishi wako alieleza kwamba alitazama kulia, lori likamwonyesha kulia, akahitimisha kuwa macho yameiondolea shingo kazi. Hapo ndipo tunapoachana. Kifaa alichojaribu, Tobii Eye Tracker 5, kilitoka mwaka 2020 na kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kinapima mboni zinaelekea wapi, na kinapima kichwa kimegeuka kiasi gani. Mtu akiketi mbele yake na kugeuka, sehemu kubwa ya kile kinachozungusha picha ni kichwa chake mwenyewe, ila jina la kwenye boksi linataja jicho. Mpwa wangu alirudi na kifaa hicho kutoka masomoni, na kwenye programu yake kuna sehemu ya kupanga kichwa kichangie kiasi gani na macho kiasi gani. Tulikishusha kichwa hadi mwisho, macho tukayapandisha, halafu nikamwambia aendeshe.

Ukishuka mlima Kitonga na mzigo, jicho halitulii: barabara, kioo cha kulia, geji ya upepo wa breki, kioo cha kushoto, barabara tena. Binadamu tumeumbwa hivyo. Jicho huruka kama mara tatu kwa sekunde hata ukiwa umekaa kibarazani unasoma gazeti. Kichwa hakina pupa ya namna hiyo. Husogea pale unapokusudia. Sasa chukua miruko yote ya jicho uiruhusu ivute picha ya skrini. Unakitupia jicho kioo cha kushoto, picha inaanza kugeuka kushoto, kioo kinahama kuelekea katikati, jicho linakifuata huko. Kwa kuwa jicho sasa liko katikati, picha nayo inaanza kurudi, na kioo kinatoroka tena pembeni. Mpwa wangu alifukuzana na kioo chake namna hiyo mpaka trela likapanda ukingo wa barabara na kulala ubavu. Watengenezaji wanalijua tatizo hili, ndiyo maana wameweka eneo la katikati ambalo jicho likitembea humo picha haijibu, na ulaini wa kuchelewesha mwendo wa picha. Lakini ukishalituliza jicho kiasi hicho, kinachobaki kugeuza picha ni kichwa, na kichwa kina vifaa vyake vya miaka mingi.

Kinachojulikana zaidi ni TrackIR, cha kampuni ya NaturalPoint ya Oregon, Marekani. Toleo la tano ni kamera ndogo inayokaa juu ya skrini na kupiga picha 120 kwa sekunde. Uso wako haiushughulikii hata kidogo. Inatafuta nukta tatu za mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, zilizofungwa kwenye kapelo au ubavuni mwa hedifoni, na kutokana na jinsi nukta hizo zinavyokaribiana na kuachana inakokotoa miendo sita: kugeuka, kuinua na kuinamisha, kulaza shingo begani, kisha kusogea pembeni, juu na chini, mbele na nyuma.

Watu husifu kule kugeuka. Mimi nasifu kule kusogea. Dereva yeyote wa gari kubwa anaijua ile nguzo kati ya kioo cha mbele na mlango inayoficha pikipiki nzima. Barabarani unachungulia kwa kuinama mbele kidogo, na kwenye gemu lenye kifaa cha kichwa unafanya vilevile bila kufikiri. Unapolirudisha trela unaegemea dirishani na kioo kinakuonyesha upana mwingine. Jicho peke yake haliwezi kukupa hilo hata likiwa la tai, kwa sababu kuchungulia ni kuhamisha kichwa mahali kilipo.

Kifaa cha kichwa nacho kina ugeni wake. Skrini iko mbele yako, kwa hiyo ukigeuza uso kushoto lazima macho yabaki kulia yakiitazama. Wageni hulalamika kwamba wanahisi makengeza. Dawa yake ni kukuza mwendo: shingo ikigeuka nyuzi 20, ndani ya gemu igeuke 90. Hapo ndipo kazi ya fundi ilipo. Ukikuza kupita kiasi, kijana akicheka picha inatetemeka, akikohoa anaona paa la lori. Ukiweka kichujio kizito cha kutuliza, picha inamfuata kwa uvivu na kichefuchefu kinamwanza. Mimi huacha katikati pasipojibu kwa nyuzi chache, halafu mwendo wa picha unaanza polepole na kuongezeka kadiri shingo inavyoelekea pembeni, na kitufe kimoja cha usukani nakitenga kwa ajili ya kurudisha picha katikati.

Kwenye fedha makala ilipita mbiombio. Kifaa cha macho kilitoka kwa dola 229 za Marekani, yaani zaidi ya nusu milioni kwa shilingi zetu kabla hujalipa usafiri na ushuru. Cha TrackIR ni nafuu kidogo, nacho si cha mtoto wa mkulima. Lakini ipo programu ya bure, opentrack, inayokubali kamera ya kawaida ya kompyuta na kuusoma uso wako bila kuvaa chochote. Mwanga ukiwa wa kutosha mbele ya uso inafanya kazi ya kuridhisha. Mwanga ukiwa hafifu kamera inapunguza idadi ya picha kwa sekunde na lori linaanza kuona kwa kurukaruka, kwa hiyo taa iwekwe mbele ya mchezaji, isiwe nyuma ya kisogo.

Anayetaka ubora zaidi ajitengenezee nukta tatu. Kamera ya zamani ya PlayStation 3 inatosha. Unaifungua, unatoa kile kijioo kinachozuia infraredi, mahali pake unaweka kipande cha filamu nyeusi ya flopi, ile diski ya zamani ya kompyuta, ili mwanga wa kawaida usipite. Taa zinapatikana kwenye rimoti mbovu za televisheni. Kichwa cha taa ya rimoti kinarusha mwanga mbele tu kwa sababu ya ule mviringo wake, kwa hiyo usugue kwa msasa mpaka kiwe bapa, mwanga usambae. Tatu zikiungwa mfuatano, na risista (kipunguza umeme) ya omu 47, zinawaka kwa volti 5 za USB bila kuungua. Jicho halitaona kitu. Washa kamera ya mbele ya simu uzielekeze huko, zitaonekana zikiwaka kwa rangi ya zambarau, kama fundi anavyopima rimoti. Cha bandani kwangu kimeshikiliwa na waya wa henga ulioviringishwa kwenye hedifoni. Zamani kilikuwa kwenye kapelo, ila kapelo moja kwa vichwa vya mtaa mzima ni habari nyingine, na akina mama walinijia juu.

Kuna uvumi mwingine unaozunguka hapa ambao haukutoka kwako, Mhariri, lakini naomba niuzime hapahapa. Vijana wanaambizana kwamba kifaa cha macho hakisomi macho meusi ya Mwafrika. Si kweli. Kifaa kinamulika jicho kwa infraredi na kutafuta vitu viwili: kitundu cha mboni, na mng'ao mdogo wa mwanga huo juu ya kioo cha jicho. Rangi inayofanya macho yetu kuwa meusi hainyonyi infraredi kama inavyonyonya mwanga wa kawaida, kwa hiyo mbele ya kamera ile jicho jeusi huonekana la kijivu na mboni inabaki nyeusi katikati, wazi kabisa. Adui zake ni miwani inayorudisha mng'ao na jua la dirishani. Jua limejaa infraredi, na kwa jua kifaa cha kichwa nacho hakina pa kujificha. Bandani kwangu pazia la mlangoni hushushwa mchana kwa sababu hiyo, ingawa wateja hudhani nakwepa vumbi la stendi.

Kwa mtu wa banda kama mimi kuna mawili mengine yanayomaliza mjadala. Tobii ile imetengenezwa kwa skrini isiyozidi inchi 27, au 30 kama ni ile pana, na mchezaji akae karibu, chini ya mita moja. Kwenye mabanda yetu tunatundika televisheni za inchi 43 na kuketi nyuma ya usukani. Pili, inabidi ijifunze macho ya kila mtu: kijana anatazama vinukta pembe hii na pembe ile kabla hajaanza. Nyumbani unafanya hivyo mara moja, basi. Kwangu wanapokezana kiti kutwa nzima, na anayelipia nusu saa hataki dakika zake ziishie kwenye vinukta. Nukta tatu za hedifoni hazijali kichwa ni cha nani.

Simdharau Tobii. Kwenye gemu za vita jicho lina maana, maana unachotaka kulenga ndicho unachokitazama. Assassin's Creed Rogue iliwekewa uwezo wa macho ilipoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, na wanaoicheza wanasema picha kusogea ukitazama pembeni kunapendeza. Hata kwenye lori, jicho likiongezwa kidogo juu ya kichwa linapunguza ule ugeni wa makengeza niliousema. Mwenye uwezo, mwenye skrini ndogo na chumba chake mwenyewe, akinunue afurahi. Ninachokataa ni kumwambia mzazi wa Kihonda kwamba bila hicho mwanawe amepitwa. Yule aliyekuja na fedha nilimwonyesha opentrack kwenye kompyuta yake ya mapajani palepale, kwa kamera iliyomo. Mwanawe aliendesha kutoka Calais hadi Lille, miji ya Ufaransa ndani ya gemu, akatoka bila kununua kitu.

Lakini yuko kijana mtaani kwetu aliyevunjika shingo kwa ajali ya bodaboda. Mikono haimtii, kichwa hakigeuki. Kabla ya ajali alikuwa mteja wangu. Kwake hoja zangu zote hapo juu hazina maana, kwa sababu macho ndiyo yaliyobaki mazima. Na teknolojia hii haikuanzia kwenye gemu za magari. Kampuni ya Tobii imetengeneza kwa miaka mingi mashine za kuwawezesha wasiosema kuandika na kusikika kwa kutazama herufi. Microsoft waliingiza uendeshaji wa kompyuta kwa macho ndani ya Windows 10 mwaka 2017. Uingereza kuna asasi ya SpecialEffect inayowasaidia walemavu kucheza gemu, na programu yake ya bure, EyeMine, inamwezesha mtu kucheza Minecraft kwa macho matupu: kutembea, kuchimba, kujenga nyumba. Niliazima kile kifaa cha mpwa wangu nikampelekea. Tulihangaika kwanza na urefu wa meza, kisha na mto wa kichwa, kisha na dirisha. Alipofanikiwa kufungua mlango wa kijumba chake ndani ya gemu, mama yake alidhani ni mimi niliyebonyeza.

Kifaa kilikuwa cha kuazima na kimerudi kwa mwenyewe. Familia ile haiwezi kutoa nusu milioni kwa kitu ambacho hawajui kama kitamfaa baada ya mwezi, na hospitalini nilikouliza niliambiwa jaribu mtandaoni. Ninachoomba, Mhariri, ni waandishi wako wa teknolojia watoke wakatafute jambo hili moja: ni wapi nchini mtu wa namna hii anaweza kuketishwa mbele ya kifaa cha macho na mtu anayekijua, akapimwa, akakijaribu kabla ndugu hawajachanga. Kama mahali hapo papo, andikeni anwani yake kwa herufi kubwa. Kama hapapo, andikeni hivyo pia, tujue wa kumuuliza.

Dereva Mstaafu,
Msamvu, Morogoro