Wanaotengeneza kwa mikono wapewe mahali pa kuonyeshana kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowahusu watu wengi wa Moshi ambao majina yao hayajawahi kutokea gazetini. Hawa ni watu wanaofuma, wanaodarizi, wanaochora, wanaochonga na kufinyanga majumbani mwao, ambao hawakusomea sanaa chuoni na wala hawategemei kazi hizo kwa chakula. Wanatengeneza kwa sababu wanapenda kutengeneza. Watu hawa hawana mahali pa wazi pa kukutana, kutandaza kazi zao na kutazamana, na ninaamini kwamba upungufu huo unatupotezea vipaji vingi kuliko upungufu wa fedha. Nami ni mmoja wao. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 34, na tangu nilipostaafu nadarizi mashuka na vitambaa vya meza, kazi niliyofundishwa na marehemu mama yangu nikiwa na umri wa miaka tisa.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, tunakutana uani kwa mwenzetu mmoja hapa Majengo. Tulianza watatu, sote wanawake wa kufuma na kudarizi, na sasa tumefika kumi na wanne. Yumo fundi wa baiskeli anayechonga vijiko na miiko kutokana na mibuni mikongwe inayong'olewa vihambani, mti mgumu usiosamehe kisu butu. Yumo mama aliyekulia Upare akiwatazama wanawake wa kwao wakifinyanga vyungu, ambaye baada ya miaka mingi ya kufanya biashara ya nafaka ameurudia udongo. Yumo pia kijana wa bodaboda ambaye huchora kwa kalamu ya wino wa bluu, na habari zake ndizo zilizonisukuma kuandika barua hii.

Kijana huyu alikuja mara ya kwanza kumleta abiria, yaani mwenzetu mmoja mwenye kikapu cha nyuzi. Alipoona vitambaa vimetandazwa juu ya mkeka, hakuondoka. Alisimama kando ya pikipiki yake muda mrefu, kisha akanijia na kusema, "Shikamoo Mwalimu, na mimi huwa nachora kidogo, lakini sijawahi kumwonyesha mtu." Mwezi uliofuata alileta daftari kubwa la kaunta, lililochakaa pembe kwa kukaa chini ya kiti cha pikipiki, na ndani yake mlikuwa na picha zipatazo arobaini alizozichora akiwa kijiweni akisubiri wateja. Ukurasa alioufungua ulikuwa na Mnara wa Saa, na magari yakiuzunguka, na mama mmoja akivuka barabara na ndoo ya ndizi kichwani. Sote tulisema ni nzuri. Fundi wa baiskeli peke yake ndiye aliyeinama, akaitazama kwa kitambo, kisha akamuuliza, "Mdogo wangu, jua lilikuwa upande gani ulipokuwa unachora?"

Kijana alinyamaza. Tulipotazama tena tukaona kwamba kivuli cha mnara kimeangukia upande mmoja na kivuli cha yule mama kimeangukia upande mwingine, kwa kuwa alichora mnara asubuhi moja na mama akamwongeza jioni ya siku nyingine. Hakuna aliyecheka. Fundi alimwambia tu kwamba yeye mwenyewe, kabla ya kuchonga, huugeuza mti kwenye jua mpaka aone kivuli kinakaa wapi, ndipo hujua penye bonde na penye kilima. Mwezi uliofuata kijana alirudi na picha mbili za mnara uleule, moja ya saa mbili asubuhi na nyingine ya saa kumi na moja jioni, na katika ile ya jioni kivuli kilikuwa kirefu hata kikatoka nje ya ukurasa. Sijui kama nimewahi kumwona mwanafunzi wangu yeyote akipiga hatua namna ile kwa swali moja, na nimesahihisha madaftari mengi.

Ndugu Mhariri, kutiana moyo ninakokuzungumzia ndiko huku. Wengi wetu tumelelewa kusema "hongera" na kupita. Ni adabu njema na sina ugomvi nayo, lakini mtu aliyekesha siku nane juu ya kitambaa anapopewa hongera na mtu ambaye hakukishika wala kukigeuza, moyoni anajua kwamba hakutazamwa. Kwetu sisi wadarizi kitambaa husomwa kwa kukigeuza. Upande wa mbele unaonyesha ua, na upande wa nyuma unaonyesha mkono uliolishona, maana huko ndiko kulikofichwa mafundo, nyuzi zilizovutwa kutoka jani moja hadi jingine bila kukatwa, na sehemu zilizofumuliwa zikashonwa upya. Mama yangu alikuwa akigeuza kitambaa kwanza, kabla hajasema neno lolote. Nilipokuwa mtoto niliogopa sana tendo hilo, na leo ndilo ninalolitamani kutoka kwa wenzangu.

Mwaka jana nilileta shuka la rangi ya maziwa ambalo niliona limeharibika kabisa. Nilikuwa nimehamisha mchoro wa maua kwa karatasi ya kaboni, nikabonyeza kwa nguvu mno, na mistari ya buluu ikabaki pembeni mwa kila ua hata baada ya kufua mara tatu. Nilikuwa karibu kulikata liwe vitambaa vya jikoni. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa umri ni sawa na mtoto wangu wa mwisho, alilishika, akaligeuza, akaniambia, "Mama, usifumue. Panua jani." Alinionyesha jinsi ya kuongeza safu moja ya mshono wa mnyororo nje ya mstari ule mchafu, ili uzi uufunike, na tangu siku hiyo kwenye vitambaa vyeupe natumia penseli nyepesi, na kwenye vitambaa vyeusi kipande kikavu cha sabuni, kama wafanyavyo mafundi cherehani. Mashuka yangu ya sasa yana majani mapana, na watu hudhani nimebuni mtindo.

Yule mama wa Upare naye alileta vigae vilivyofungwa kwenye khanga, masalia ya chungu kilichopasuka motoni. Alivipanga juu ya mkeka kimoja kimoja, akatuonyesha upande mmoja ulivyokuwa umekauka kabla ya mwingine kwa sababu alikianika juu ya saruji kwenye jua kali badala ya kukiacha kivulini siku kadhaa. Siku hiyo tulijifunza zaidi kutokana na vigae vile kuliko tulivyowahi kujifunza kutokana na kazi iliyokamilika.

Sasa nieleze kinachotukwaza. Mtu anapoonyesha kazi ya mikono hapa kwetu, swali la kwanza analoulizwa ni la bei. Linatoka kwa nia njema, kwa kuwa maisha ni magumu na kila mtu anamtakia mwenzake riziki. Lakini nimewaona watu watatu wakiacha kufuma kabisa kwa sababu waliharakishwa kuuza kabla mikono haijatulia. Mteja wa kwanza akalalamika, wa pili akakopa na hakulipa, sindano ikawekwa juu ya kabati. Hata misaada ya umma imepangwa kwa mtazamo huo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na Maonyesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha, huwapa nafasi wenye bidhaa zilizo tayari kuuzwa. Naiunga mkono mipango hiyo kwa moyo wote, maana imewainua wengi. Hata hivyo, anayejifunza kudarizi ua lake la kwanza hahitaji mkopo. Anahitaji macho ya mtu mwingine, na mwezi mmoja wa kujaribu tena.

Historia ya sanaa ya nchi yetu inatuonyesha hivyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakupita chuo chochote cha uchoraji. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, vifaa ambavyo mtu yeyote wa mjini angeweza kuvipata, na alifariki mwaka 1972. Miaka ile ilikuwa michache mno kwa mtu mmoja kujenga mtindo unaojulikana duniani kote. Uliojenga ni mkusanyiko wa ndugu na jamaa waliokaa naye, wakamtazama, wakamsaidia kupaka, kisha wakashika brashi wenyewe na kuendelea baada yake hadi kuunda ushirika wao. Mchongaji na mchoraji George Lilanga naye, kabla ya kazi zake kufika Ulaya na Marekani, aliajiriwa kuwa mlinzi katika Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii jijini Dar es Salaam. Alikuwa na kipaji tangu awali, lakini pale alikuwa karibu na watu waliokuwa wakitengeneza kila siku, na wakaziona kazi zake. Huwa najiuliza ni walinzi wangapi wa Moshi usiku huu wana daftari kama lile la kijana wetu.

Wapo wanaosita kuonyesha kazi zao kwa kuhofia kuigwa, na hofu hiyo siidharau, kwa kuwa mwenzetu mmoja aliwahi kukuta mchoro wake wa tausi kwenye mashuka ya mtu asiyemjua. Inafaa ieleweke kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mbunifu tangu kazi yake inapotengenezwa, hata kabla hajaiandikisha popote. Zaidi ya hapo, kazi iliyoonwa na watu kumi na wanne ina mashahidi kumi na wanne.

Ombi letu ni dogo. Ua tunaokutania haututoshi tena, na wakati wa masika hauna faida, kwa sababu udongo na uzi mweupe havipatani. Mwezi Machi tulikwenda kuomba ukumbi mmoja hapa mjini, tukapewa bei ileile wanayotozwa watu wa harusi, pamoja na malipo ya vipaza sauti ambavyo hatukuviomba. Tulipoeleza kwamba hatuuzi kitu na hatuna kiingilio, tuliulizwa kama sisi ni kikundi cha mikopo, na tuliposema hapana, mazungumzo yakaisha. Simlaumu aliyetujibu, kwa kuwa katika orodha yake hapakuwa na mstari wa watu kama sisi.

Kwa hiyo nawaomba waheshimiwa madiwani wetu, pamoja na ofisa utamaduni wa manispaa, wakubali kwamba ukumbi mmoja wa kata, wowote ambao Jumamosi alasiri hauna shughuli, ufunguliwe bila malipo kwa saa tatu mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya mtu yeyote mwenye kazi ya mikono yake anayetaka kuionyesha na kuona ya wengine. Isiwe kwa ajili ya kikundi chetu peke yake. Aje mwanafunzi na kinyago chake cha udongo, aje babu anayesuka vikapu, aje muuguzi anayefuma kofia za watoto wachanga usiku wa zamu. Tunachoomba kizingatiwe ni hiki tu, kwamba humo ndani bei isitajwe, na kwamba kila anayetazama akishike kile anachokisifu.

Nawe Ndugu Mhariri, nakuomba utoe katika toleo lako la mwisho wa wiki nafasi ndogo, isiyozidi upana wa kiganja, ya kuchapisha picha ya kazi moja ya mikono ya msomaji pamoja na sentensi mbili za mwenyewe akieleza alikwama wapi na alitokaje. Kijana wetu yuko tayari kutoa ile picha ya mnara wenye vivuli viwili, si ile ya jioni iliyonyooka, na amesema nisiandike jina lake mpaka aizoee fikra hiyo.

Kuhusu ukumbi, meza hatuhitaji. Mikeka tunayo, tutafagia wenyewe, na funguo zitarudishwa kabla ya magharibi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi.