Muchołapka si mtambo wa siri wa Hitler

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari wa Jumapili iliyopita ulikuwa na picha ya duara la nguzo za zege lililosimama nyasini, na maelezo kwamba hapo Wanazi walikuwa wakijaribia chombo cha siri cha kuruka angani. Picha ni nzuri. Maelezo ni porojo.

Mahali penyewe ni Ludwikowice Kłodzkie, kijiji cha Milima ya Bundi kusini-magharibi mwa Poland, katika Silesia. Enzi za Wajerumani kiliitwa Ludwigsdorf. Duara hilo huitwa Muchołapka, yaani mtego wa nzi, na ni mabaki ya mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme cha mgodi wa makaa ya mawe wa Wenceslaus. Maji ya moto yalitoka mitamboni, yakapandishwa juu, yakadondoka huku yakipoa, yakarudi kazini. Siri yote ni hiyo.

Kabla ya makaa, watu wa milima ile waliishi kwa uzi. Kitanda cha kufumia kilimeza nusu ya chumba. Baba alifuma, mama alisokota, watoto walikunja nyuzi, na usiku wote wakalala hapo hapo kando yake. Kitani cha Silesia kilisafirishwa kupitia Hamburg na Cádiz, na kingine kikaishia miilini mwa watumwa wa Karibi. Kama sisi tulivyokuwa na kitambaa tukakiita marekani, Waingereza nao walikuwa na cha kwao wakakiita silesia. Halafu mashine za Uingereza zikaangusha bei, na matajiri walionunua nguo wakazidi kumkaba mfumaji. Juni 1844, upande wa pili wa milima hiyo hiyo, wafumaji wa Peterswaldau waliivamia nyumba ya tajiri Zwanziger wakavunja kila kilichovunjika. Kesho yake, huko Langenbielau, askari wa Prusia, dola ya Kijerumani iliyotawala huko, waliwafyatulia risasi. Wakafa 11.

Reli ilipopenya bondeni kuelekea 1880, makaa yakapata soko na wengi wakaenda shimoni. Lakini makaa ya huko yana tabia mbaya: ndani yake imejificha hewa ukaa iliyobanwa kwa nguvu. Mchimbaji akichokoa ukuta, unaweza kupasuka ghafla na kumwaga vumbi na gesi kwa mpigo mmoja. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na hujaa kutoka chini kama maji kisimani. Taa ya utambi huzimika, kisha mtu mwenyewe. Tarehe 9 Julai 1930 gesi hiyo iliwaua watu 151 katika shimo la Kurt, la mgodi huo huo wenye Muchołapka. Mwaka uliofuata mgodi ukafungwa. Mwaka 1941, mgodi wa jirani wa Nowa Ruda ukapoteza watu 187.

Sikatai kwamba Wanazi walikuwapo. Wakati wa vita walitengeneza risasi na baruti kwenye majengo ya mgodi, na milimani wafungwa wa kambi ya Gross-Rosen walichimbishwa mahandaki mpaka wakafa kwa maelfu. Hilo nalo halikutajwa kwenye maelezo yenu. Kilichotajwa ni sahani inayoruka.

Baada ya 1945 Wajerumani walifukuzwa, na nyumba zao zikapewa Wapolandi, wengi wao waliopoteza makwao mashariki mwa Poland ya kabla ya vita. (Wale wakimbizi wa Kipolandi wa Tengeru, Arusha, ambao makaburi yao yapo mpaka leo, wengi walitoka mashariki huko huko.) Pengine ndiyo maana hadithi za wafumaji na wachimbaji zilikosa wa kuzisimulia: wajukuu wao wako Ujerumani.

Nilifika huko mwaka jana. Mtembeza watalii wetu alitumia karibu nusu saa kwenye zile nguzo, akituonyesha kwa mikono jinsi chombo kilivyozunguka. Nikamuuliza shimo la Kurt lilikuwa wapi. Akatazama saa yake, akasema basi linasubiri.

Mkiitumia tena picha ile, naomba chini yake muandike: mnara wa kupozea maji, mgodi wa Wenceslaus, walikofia watu 151.

Msomaji wenu,
Wrocław, Poland