Maneno yako yanawafikia usiowadhania

Mwanangu mpendwa,

Nimeyasoma uliyoyaandika kwenye kikundi cha vijana wa kanisa, kwamba mashoga wafukuzwe mtaani. Imani yako ni yako, sina ugomvi nayo. Lakini maneno hayo yaondoe, na useme hapohapo kwamba umeyaondoa, maana ukifuta kimyakimya aliyekwisha kuumia hatajua.

Kikundini humo yumo anayenyamaza, na sasa amejua kwamba asimwambie mtu. Kunyamaza huko kuna gharama. Akijiona yuko hatarini kupata virusi vya UKIMWI, dawa za kinga za PEP huanzwa ndani ya saa 72, kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Anayeogopa maswali ya muuguzi huahirisha leo, huahirisha kesho, na siku ya nne dawa hazimfai tena. Akiambukizwa, virusi hivyo vinaweza kumfikia hata mke atakayemwoa ili kuficha aibu, mwanamke ambaye hakuhukumiwa na yeyote kati yenu.

Matapeli nao hula kwa hofu hiyohiyo. Humrubuni mtu mtandaoni, wakikutana humpiga picha, kisha hudai pesa kwa M-Pesa la sivyo wazazi wake wataelezwa. Rafiki akikujia na shida hiyo, mwambie asilipe. Malipo ya kwanza huita ya pili. Asifute chochote: atunze mazungumzo yakionyesha namba na tarehe, pamoja na ujumbe wa M-Pesa. Aende kituo cha polisi akiwa na wakili, kwa sababu kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado kinataja kifungo cha miaka 14 kwa ngono ya “kinyume na maumbile”, na Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Hata hivyo, kifungu hicho kinaadhibu tendo. Hakimruhusu jirani kumpiga mtu, wala mwenye ploti kumtupia vyombo nje. Kutoza pesa kwa vitisho nako ni kosa la jinai.

Mtu akikuamini na siri yake, usimdadisi mambo ya chumbani. Usimpeleke kwenye orodha ya maombi. Kumwombea hadharani ni kumtangaza, hata kama nia yako ni safi. Muulize nani mwingine anajua, na kama ana pa kulala leo. Akitaja kufa, kaa naye, mpigie Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199, hakuna malipo, na usiondoke mpaka mtu mwingine anayemwamini afike.

Mama yako