Kukinai unyumba hakutibiwi kwa mizizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya ushauri wa ndoa uliyoichapisha majuma mawili yaliyopita, ambamo mwandishi aliwaambia wanawake kwamba mume akichoshwa na unyumba basi kasoro ni ya mke, na kwamba tiba yake ni mambo mawili: kuzidisha idadi ya mara kwa juma, na kumchemshia mume mizizi. Mimi ni muuguzi mstaafu wa hapa Ujiji, na kwa miaka mingi nimeitwa pia kuwa somo, yaani kungwi, wa mabinti wanaoolewa. Mambo haya nimeyasikia zahanati na nimeyasikia chumbani kwa mwari, na kote huko sikuona linaloniruhusu kukubaliana na mwandishi huyo.

Nianze na neno lenyewe. Wanasaikolojia wa Ulaya na Marekani wana istilahi mbili, moja ya kuridhika na tendo la ndoa na nyingine ya kuchoshwa nalo, ilhali sisi tuna neno moja linalobeba yote. Kukinai ni kutosheka, na mkinaifu ni mtu aliyeridhika na alichojaliwa. Lakini aliyelishwa wali wa nazi siku kumi mfululizo naye husema amekinai, na hapo hashukuru hata kidogo. Waliotuachia neno hili walikwishaona kuwa shibe na uchovu hukaa nyumba moja.

Mwaka 1996 watafiti Watt na Ewing walichapisha kipimo cha kauli 18 cha kuchoshwa na tendo la ndoa, ambapo mtu hueleza anakubaliana na kila kauli kwa kiasi gani. Majibu yalipochambuliwa yalijigawa pande mbili, upande mmoja ukihusu kuona mambo ni yale yale kila siku, na wa pili ukihusu haja ya kusisimuliwa. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba kipimo hicho hupima mwelekeo wa yule anayechoka. Wapo watu wepesi wa kuchoka, kama walivyo wepesi wa kuchoka kazini au safarini, na mtu wa namna hiyo hata angebadilishiwa mwenzi atakuwa amehamisha uchovu wake nyumba nyingine. Kumbebesha mke mzigo huo wote, kama mwandishi alivyofanya, ni kumhukumu kabla hajasikilizwa.

Sasa nije kwenye idadi. Amy Muise na wenzake, wakiwa Canada, walipitia taarifa za Wamarekani zaidi ya 30,000 na kugundua kwamba kwa watu wenye wenzi, furaha ya maisha huambatana na kukutana kimwili hadi kufikia wastani wa mara moja kwa juma. Baada ya hapo kuzidisha hakukuonekana kuongeza kitu. Mtu anaweza kusema kwamba huenda wenye furaha ndio wanaokutana zaidi, na atakuwa ameuliza vizuri. Swali hilo hilo ndilo lililomfanya George Loewenstein wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2015, wachukue jozi 64 za wanandoa na kuwaomba baadhi yao wazidishe mara mbili idadi yao kwa miezi mitatu, huku wengine wakiachwa waendelee walivyozoea. Walioombwa walijitahidi, idadi ikapanda kweli, lakini furaha haikupanda. Ilishuka kidogo, na hamu yao pamoja na raha waliyokuwa wakiipata vikapungua. Jambo likishageuzwa kuwa zamu ya kazi, mwili nao hulipokea kama zamu ya kazi. Huo ndio ushauri ambao mwandishi wako ameutoa kwa wake za watu bila kusita.

Kuna jaribio jingine ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Arthur Aron na wenzake wa Marekani, katika tafiti walizochapisha mwaka 2000, waliwafunga wanandoa kwa mkanda kwenye kifundo cha mkono na cha mguu, wakawaambia watambae pamoja kwenye mikeka hadi ng'ambo ya chumba na kurudi, huku wakiwa wameubana mto kati yao bila kuushika kwa mikono. Wenzao walipewa kazi ya kuchosha ya kusukuma mpira polepole. Waliotambaa, wakacheka na kuangukiana, baadaye waliueleza uhusiano wao kuwa bora kuliko wale wa mpira. Utafiti uliomhusisha Muise, uliotoka mwaka 2019, ulilisogeza jambo hilo hadi chumbani: siku ambazo wenzi wamefanya au kujifunza kitu kipya pamoja, hamu ya mmoja kwa mwingine huwa juu zaidi. Ni kweli washiriki wa tafiti hizi ni watu wa Amerika Kaskazini kwa sehemu kubwa, na tangu mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionya wanasaikolojia wasidhani watu wa namna hiyo ndio kipimo cha binadamu wote. Hata hivyo, ninayoyaona huku hayapingani nayo.

Nitatoa mfano mmoja, bila kumtaja mwenyewe. Miaka ya karibuni nilizungumza pale Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, na mwanamke wa makamo, mke wa mvuvi, akiwa anageuza dagaa kwenye kichanja. Anayejua kazi ya dagaa wa ziwa letu anajua kwamba hufuata giza: usiku wa giza taa huvuta samaki na waume hukesha ziwani, na siku za mbalamwezi taa hazivuti, hivyo waume hulala nyumbani. Mwandishi wa makala angetarajia kwamba siku hizo ndizo za raha. Mama yule aliniambia, "Mama, mbalamwezi ikianza kuja, mimi roho inanywea. Najua atakavyoanza, najua atakavyomaliza, mpaka kikohozi chake nakijua kitakuja wapi." Nikamuuliza kama amewahi kumwambia mumewe. Akaacha kugeuza dagaa, akanitazama kama niliyemwambia aogelee mpaka Kongo. "Nitaanzia wapi, mama? Atasema nimeyajulia wapi hayo."

Jibu lile ndilo kiini cha barua yangu. Watafiti wa Kanada, Lawrance na Byers, walieleza mwaka 1995 kwamba kuridhika hujengwa na mizani ya yale mtu anayoyapata na yale yanayomgharimu, akilinganisha na alivyotarajia na akiangalia kama mwenzake naye yumo katika hali kama yake. Na katika tafiti za baadaye Byers na wenzake walikuta kwamba anayeweza kumweleza mwenzake anachokipenda na asichokipenda huelekea kuridhika zaidi. Mke wa mvuvi alikuwa na la kueleza ila hakuwa na ruhusa ya kulieleza, kwa kuwa mwanamke akilisema huulizwa amelijulia wapi.

Sisi masomo tunahusika, nami sijitoi. Humfundisha mwari siku chache kabla ya harusi namna ya kumpendeza mume, kisha tukala pilau na kuondoka, na miaka kumi baadaye hakuna anayerudi kuuliza. Bwana harusi, yeye, hafundishwi na mtu; anajifunza kwa wenzake kijiweni na siku hizi kwenye simu.

Kuhusu mizizi sina maneno mengi. Mwanamume ambaye nguvu zimempungua apimwe kisukari na shinikizo la damu, na aulizwe kuhusu dawa anazotumia na kama ana sonona, kwa sababu zote hizo huweza kuwa chanzo. Hata sildenafili, ile dawa ya nguvu za kiume iitwayo Viagra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, kazi yake ni kuruhusu damu ifike. Hamu hailetwi nayo, na kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kumuua. Shida ya aliyekinai si damu kushindwa kufika.

Mwezi uliopita nilipoitwa kwa binti mmoja huku Ujiji, nilitoa sharti kwamba siku ya mwisho bwana harusi naye aje, aketi na mwenzake, nizungumze nao wote wawili kwa nusu saa. Wazee walinong'ona, lakini alikuja, akisindikizwa na mjomba wake aliyekataa kubaki nje. Nilipomaliza, kijana alikuwa na maswali mawili. Mjomba alikuwa na manne.

Muuguzi mstaafu,
Ujiji, Kigoma