Meza inayoteleza imepunguza hatari karakanani

Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri mafundi seremala wenzangu wanaokata plaiwudi na MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa) kwa msumeno wa meza isiyosogea. Kwa miaka mingi hapa Keko, Dar es Salaam, kila bodi ya futi 8 kwa 4 ilitulazimu kuisukuma watu wawili kuelekea kwenye diski, na ilipopinda kidogo tu ilibanwa na kurushwa nyuma kwa nguvu ya kuvunja mbavu.

Mwaka jana nilihamia msumeno wa meza inayoteleza, aina iliyobuniwa na Mjerumani Wilhelm Altendorf mwaka 1906. Bodi hulala juu ya meza hiyo na kusafiri nayo, fundi akisimama pembeni ya mstari wa diski, huku diski ndogo ya mbele ikichanja kwanza upande wa chini ili melamini, yaani tabaka gumu linalofunika bodi, isimeguke. Kupasua mninga kwa urefu, bado nauona ule wa zamani kuwa bora.

Tatizo ni nafasi: meza ya mita 3 huhitaji zaidi ya mita 6 za sakafu, nayo mabanda yetu mengi ni mafupi. Naiomba manispaa izingatie urefu huo inapogawa maeneo ya mafundi.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam