Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wazee wetu si wakaidi wa dawa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakuandikia kuhusu wazee na dawa zao za presha, kisukari na moyo, zile ambazo mtu akishaanzishiwa mara nyingi huzimeza mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi sugu wanaofuata matibabu yao ipasavyo ni wastani wa asilimia 50 tu. Nusu nzima ya wagonjwa haiwezi kuwa ya wakaidi. Hata hivyo kliniki bado mzee hukaripiwa mbele ya watu kwamba hafuati masharti, naye siku nyingine akiulizwa hujibu "nameza zote" ili yaishe.

Mama mmoja mtu mzima ninayemsaidia kupanga dawa zake huruka kidonge cha kupunguza maji mwilini kila siku ya safari au ibada. Hajakisahau. Anajua akikimeza asubuhi atatafuta choo mara kwa mara, na magoti hayamruhusu kukimbilia. Daktari akiona miguu imevimba, anaongeza dozi, na mama anazidi kukiogopa. Laiti angeulizwa kinamsumbua nini, huenda angeruhusiwa kukimeza akisharudi nyumbani, na dozi isingeongezwa.

Sababu za namna hii ni nyingi. Maandishi ya pakiti hayasomeki kwa macho ya mzee. Vifuniko vya chupa havifunguki kwa vidole vyenye baridi yabisi. Mwezi huu kidonge ni cheupe, mwezi ujao dawa ileile inakuja ya njano, naye anaiweka kando akidhani amepewa ya mtu mwingine. Linalonitisha zaidi ni dawa moja kuandikwa na madaktari wawili kwa majina mawili ya kibiashara, mzee akameza zote mbili kwa utii kabisa. Ikiwa ni ya kuzuia damu kuganda, utii huo unaweza kumuua.

Ninaloomba ni hili: wizara itoe waraka kwamba kila mzee anayemeza dawa tano au zaidi apitiwe dawa zake zote angalau mara moja kwa mwaka. Aje na mfuko wake wote, zikiwemo za kununua mwenyewe na za miti shamba, vimwagwe mezani, kila kimoja kiulizwe kinatibu nini na kama bado kinahitajika. Figo hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo dozi iliyomfaa miaka kumi iliyopita inaweza kuwa kubwa mno leo. Zipo ambazo daktari ataziondoa au kuzipunguza taratibu. Mzee hapaswi kuziacha mwenyewe ghafla, maana baadhi za moyo zikikatizwa hivyo huleta hatari.

Lebo nazo ziandikwe kwa herufi kubwa, na chini ya "kimoja kutwa mara mbili" kuwe na "cha presha" au "cha sukari". Visanduku vya dawa vya siku saba ni vizuri, nami navitumia, ila havimsaidii mtu anayeogopa kilichomo.

Waraka ukitoka, wafamasia wasiachwe nje. Wao ndio wanaomwona mzee kila anapofuata dawa, na wakitengewa hata dakika kumi na tano na chumba chenye faragha, atawaambia asiyothubutu kumwambia daktari.

Wako mtiifu,
Mwangalizi wa wazee