Kabla hujatupigia simu tuje tuzibue mtaro

Jamani wateja wetu na majirani, kazi yetu ni kuzibua mitaro na kuvuta vyoo, kwa hivyo nikikwambia usingoje mpaka utupigie simu utaona nakitia mchanga kitumbua changu mwenyewe, lakini niskize kwanza. Kila msimu wa mvua simu zinaanza kulia maji yakishaingia ndani, mtu ashapandisha godoro juu ya kabati, tuktuk haipiti, anataka tuje sasa hivi, na mara nyingi tukifika hatuna la kufanya ila kusimama na nyinyi kwenye maji tukiangaliana.

Sababu ni bahari. Mitaro mingi ya hapa kisiwani Mombasa mwisho wake ni baharini na maji yanateremka yenyewe tu, hayasukumwi na mashine. Sasa zikifika siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa mpaka kujaa na ule mdomo wa mtaro unamezwa. Mvua ikinyesha saa hiyo maji yaende wapi? Yanarudi mtaani. Na bamvua ya hapa kwetu kujaa kwake huangukia saa 10 hivi, alfajiri na jioni, muulize mvuvi yeyote, na saa 10 jioni ndio watoto wanatoka shule. Hata ulete eksosta kumi, yale magari ya kuvuta vyoo, utakuwa unavuta bahari. Unangoja yapwe, masaa kama 6.

Kwa hivyo mtaro unashughulikiwa kukiwa kukavu. Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi zaidi, kusi ishaanza kuvuma, halafu manyunyu yanajikokota mpaka Juni, Julai na kile kibaridi chetu ambacho watu wa bara wanatucheka nacho (wacheke tu, walale wao na kusi dirishani na sakafu imelowa). Mwezi wa 3 mtoke Jumapili moja asubuhi na jembe na beleshi, kila mtu mbele ya mlango wake na hatua kidogo kwa jirani mzee asiyeweza, kwa muda wa saa moja tu mmemaliza.

Mkiufungua mtajionea wenyewe. Makumbi ya madafu ndio namba moja, tunakunywa halafu tunatupa hapo hapo, yanajipanga kama mawe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 lakini bado tunaitoa, sijui inatoka wapi. Mchanga na kokoto za mtu anayejenga, huo mimi ndio naouchukia, akishamwaga kando ya barabara mvua moja tu ushaingia wote mtaroni. Siku moja tulitoa sufuria nzima na ukoko wake.

Tope mkishalitoa msiliache ukingoni tafadhalini. Sisi wenyewe tulifanya hivo tulipoanza kazi, tukazibua mtaro wa mteja upande wa Kisauni, tukarundika tope pembeni, tukalipwa tukaenda zetu, usiku mvua ikanyesha likarudi lote ndani na asubuhi yule mama alitusema maneno ambayo mpaka leo nikipita mtaa ule nateremsha kofia. Tulirudi tukafanya bure. Tafuteni mkokoteni, libebwe siku hiyo hiyo.

Halafu kuna hii tabia ya kung'oa mfuniko wa manholi ili maji yaingie kwa haraka. Usifanye. Kijana wetu mmoja alitumbukia mpaka kifuani kwenye shimo kama hilo, maji yamelifunika huoni kitu, bahati alikuwa ameshika kamba. Na kama mfuniko umeshabebwa na watu wa chuma chakavu, tia fito ndefu ndani isimame juu ya maji, ifunge kitambaa chekundu, tawi la kuweka tu hivi linaelea linaondoka na watu wanaingia.

Mwenye kuunganisha paipu ya choo na mtaro wa mvua, najua upo, tunaiona paipu yako. Maji yakifurika ni hayo hayo watoto wanacheza ndani yake, kipindupindu hakianzi mbali.

Wenye gari na boda, maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwenye 30 gari ndogo inaweza kuanza kuelea, sasa tuktuk na vigurudumu vyake vitatu unategemea nini? Na hata maji yakiwa yametulia pita pole pole, lile wimbi unaloacha nyuma linaingia sebuleni kwa mtu. Ukiona waya wa stima umelala kwenye maji rudi nyuma, zuia wengine, uwapigie Kenya Power, 97771.

Sisi kuja kuangalia mtaro ni bure, kokote kisiwani, Kisauni na Likoni. Ukituita peke yako utalipa safari nzima ya gari, mkijikusanya nyumba kama 10 za mtaa mmoja tunakuja mara moja na gharama mnagawana, ndio maana nasema ongea na jirani kwanza. Kwa Mei foleni ishaanza, anayetaka kabla ya bamvua aseme mapema. Chai muandae nyinyi, mahamri tutakuja nayo.